Jinsi ya kuweka apu kutoka nje ya Play Store bila kuibiwa, na jinsi ya kuiambia serikali ilinde huo uhuru

Simu ukishailipia ni yako, na mwenye simu ndiye anafaa kuamua ni apu gani inaingia. Huo ndio msimamo wangu na sitauficha: serikali inafaa kulazimisha kampuni za simu ziache watu waweke apu kutoka nje ya duka lao. Lakini mimi nafanya kazi ya simu hapa Kisumu, naona pia watu wenye wamebaki bila kitu kwa M-Pesa juu ya faili moja tu iliyotumwa kwa grupu ya WhatsApp, kwa hivyo siwezi kukuambia ufungue mlango halafu nikuache hapo. Wacha kwanza nikuonyeshe venye inafanywa vizuri, halafu tuje kwa mambo ya sheria na venye wewe mwenyewe, uwe Ahero, Mbale ama Nakuru, unaweza kuandikia wakubwa.

Simu za Android, yaani hizi Tecno, Infinix, itel, Samsung na Oppo zenye wengi wetu tunabeba, zinakubali apu za nje tangu zamani. Apu inakuja kama faili yenye jina linaloishia na .apk, unaigonga, simu inakuuliza kama una uhakika, unakubali, imeingia. iPhone ni mambo mengine kabisa, hiyo nitaifikia.

Na kwani mtu anataka apu ya nje ya nini? Sababu ni nyingi na nyingi ni za haki. Kuna mwenye simu ya Huawei iliyotoka baada ya Marekani kuiwekea hiyo kampuni vikwazo Mei 2019, haina Play Store kabisa. Kuna anayetumia F-Droid, duka la apu lililoanza 2010, ambalo apu zake ni za bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Kuna apu imeondolewa dukani na bado watu wanaihitaji. Halafu fikiria kijana anayesoma Maseno ametengeneza apu ya kuhesabu michango ya chama cha mamake, wanachama hata hamsini hawafiki. Play Store itamtoza dola 25 mara moja, sawa, lakini Apple inataka dola 99 kila mwaka, hiyo ni shilingi 12,000 na ushee, kila mwaka, kwa apu ya watu wanaojuana wote kwa majina. Kwa nini asiwatumie tu faili wakaweka?

Mahali faili inatoka

Hapa ndipo kuna kazi yenyewe, zingine zote ni kugonga vitufe. Chukua faili kwa aliyeitengeneza. Tovuti yake rasmi, ama F-Droid, ama ukurasa wa mradi wenyewe pale GitHub, tovuti ambayo watengenezaji wanaweka msimbo wao. Usichukue kwa grupu ya WhatsApp, usichukue kwa Telegram, usichukue kwa linki iliyokuja na meseji hata kama imeandikwa jina la benki yako. Benki haikutumii apu kwa meseji. Na rafiki akikurushia apu kwa Xender ndio uokoe bando, naelewa, bando ni pesa, lakini wewe hujui yeye aliitoa wapi na saa zingine hata yeye hajui.

Hizi WhatsApp za kubadilishwa, GB na wenzake, mimi nawaambia watu waache. Najua zinaonyesha meseji iliyofutwa na zinaficha kama uko onlaini, lakini hakuna tovuti rasmi ya kitu kama hicho, aliyekubadilishia humjui, na umempa meseji zako zote. WhatsApp wenyewe wakigundua wanaweza kufungia namba yako, kwa muda ama milele.

Apu za mkopo ziangalie mara mbili. Benki Kuu ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka wa 2022, na tangu mwisho wa Januari 2023 Google inawadai wakopeshaji wa Kenya waonyeshe karatasi za leseni kabla apu yao ikae Play Store. Kwa hivyo apu ya mkopo ikikujia kama linki ya APK peke yake, jiulize kwa nini haiko dukani. Benki Kuu inaweka orodha ya wenye leseni kwa tovuti yake, jina lisipokuwa hapo achana nao, hata kama wanakupa elfu tano leo leo.

Tuchukue mfano wa VLC, ile ya kuangalia filamu

Nachagua VLC juu inapatikana kwa tovuti yake yenyewe, videolan.org, na wanaweka kila kitu wazi. Ukifika pale kwa upande wa Android utaona faili si moja, kuna ya ARMv7 na kuna ya ARMv8, hizo ni aina za chipu ya simu, ya kwanza ni ya biti 32 na ya pili ni ya biti 64. Simu nyingi za bei ya chini, hizi za RAM ya GB 1 ama 2, zinatumia mfumo wa biti 32, hizo zinataka ARMv7. Ukiipa faili ya biti 64 itakataa na kukuandikia "App not installed" bila kueleza kwa nini, na hapo ndipo mtu anaanza kutafuta tovuti nyingine za ajabu ajabu akidhani faili ni mbovu. Haikuwa mbovu, haikuwa ya simu yake tu. Ukiona "There was a problem parsing the package" mara nyingi upakuaji ulikatika katikati ama Android yako ni ya zamani kuliko apu inavyotaka.

Kando ya faili utaona wameweka kitu kinaitwa SHA-256, ni mstari wa herufi na namba 64. Huo mstari ni alama ya hiyo faili, mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya apu mstari unabadilika wote. Sasa ukiwa na faili kwa kompyuta, hata ya cyber, fungua ule ukurasa mweusi wa amri wa Windows uandike certutil -hashfile vlc.apk SHA256, lakini weka jina la faili yako pale pa vlc.apk. Itakupa mstari wa herufi 64. Usijaribu kulinganisha kwa macho, macho yanachoka na yanadanganya. Nakili ule mstari, rudi kwa ukurasa wa VLC, bonyeza Ctrl na F, bandika. Ikiupata, faili ni ileile yenyewe. Isipoupata, futa hiyo faili usiifungue.

Kama aliyetengeneza hajaweka SHA-256, peleka faili kwa virustotal.com, itakaguliwa na programu za kuzuia virusi zaidi ya 60 kwa mara moja. Moja ikipiga kelele na zingine zote zimenyamaza saa zingine ni makosa tu, lakini kumi zikipiga kelele hapo usibishane nazo. Jua tu kwamba faili unayoweka pale wachunguzi wengine wanaweza kuiona, kwa hivyo usiweke kitu cha siri yako.

Kufungua ruhusa, na kuifunga

Tangu Android 8 ya mwaka wa 2017 hufungui simu nzima, unafungulia apu moja moja. Kama ulipakua na Chrome, Chrome ndiyo unaipa ruhusa. Nenda Settings, halafu Apps, halafu Special app access, halafu Install unknown apps, chagua Chrome, washa pale pameandikwa Allow from this source. Kwa Tecno na Infinix inaweza kukaa mahali pengine kidogo, usihangaike, andika tu "unknown" kwa kile kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya setingi. Weka apu yako. Halafu, na hii watu hawafanyi kabisa, rudi palepale uzime. Ruhusa ikibaki wazi kwa Chrome, siku mtoto anacheza na simu akagonga tangazo utakuwa umepungukiwa na kizuizi kimoja.

Kuna kitu kingine cha kujua ukiwa Kenya. Google waliingiza nchi yetu kwa majaribio ya Play Protect, yaani mlinzi wao wa apu ndani ya simu, yenye inazuia apu ya nje moja kwa moja ikiwa inaomba ruhusa zenye wezi wanapenda: kupokea na kusoma SMS, kusoma notifikesheni, na Accessibility. Inazuia hasa kama faili imetoka kwa brauza, kwa apu ya meseji ama kwa kidhibiti cha faili. Ukikutana na hicho kizuizi usikasirike, soma inasema nini. Na mtu akikupigia simu akuelekeze venye utazima Play Protect, hata kama anajua jina lako lote na namba ya kitambulisho, kata simu.

Hizo ruhusa nizieleze kidogo. SMS ndiyo ya hatari zaidi huku kwetu kwa sababu namba za siri za benki zinakuja kwa SMS, meseji za M-Pesa zinakuja kwa SMS, kila kitu ni SMS. Apu ya tochi inataka kusoma meseji ya nini? Accessibility nayo ilitengenezwa kwa nia nzuri, isaidie mtu asiyeona vizuri, lakini ukiipa apu ya mwizi ni kama umempa simu mkononi, anaona kila kitu kwa skrini na anaweza kugonga kwa niaba yako. Kutoka Android 13 apu ya nje ikiomba hiyo, simu inakuambia "Restricted setting". Apu ikianza kukufundisha na picha venye utavuka hicho kizuizi, acha hapo hapo, itoe.

Kusasisha kunasahaulika. Apu ya nje Play Store mara nyingi haitaisasisha, F-Droid inasasisha za kwake, zingine zote ni wewe ukumbuke kurudi kwa tovuti. Kila apu ina sahihi ya aliyeitengeneza na Android haikubali toleo jipya lenye sahihi tofauti liingie juu ya la zamani. Ukiambiwa inagongana na iliyopo, usikimbilie kutoa ya zamani ndio mpya iingie. Inaweza kuwa jambo la kawaida, kwa mfano toleo la F-Droid na la Play Store mara nyingi zina sahihi tofauti, lakini pia inaweza kuwa mtu mwingine kabisa ndiye ameitengeneza. Jua kwanza ni gani kati ya hizo mbili.

Na kama imeshaingia na unaona simu inajifungua yenyewe, meseji zinapotea? Weka airplane mode saa hiyohiyo. Toa laini, iweke kwa simu nyingine hata kabambe, piga *334# ubadilishe PIN ya M-Pesa, pigia benki. Halafu rudi kwa simu, shikilia kitufe cha kuzima, pale pameandikwa Power off bonyeza kwa muda mpaka ikuulize kuhusu Safe mode. Kwa Safe mode apu za nje hazifanyi kazi. Sasa iondolee ruhusa ya Accessibility, iondoe pia kwa Device admin apps, ndio uifute. Ikikataa, piga picha za kile unaona kwa ajili ya polisi halafu rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani.

Wenye iPhone

Ukiwa hapa Kenya na iPhone, njia ni nyembamba sana. Unaweza kuweka apu kupitia kompyuta na akaunti ya bure ya Apple, lakini inaisha baada ya siku 7 unaanza upya. Njia rahisi kwa wengi ni kufungua tovuti na Safari na kuchagua Add to Home Screen, haiwi apu kamili lakini kwa kazi nyingi inatosha. Mtu akikuuzia "cheti" ama "profile" ya kuweka apu za kulipia bure, usikubali, hiyo profile inaweza kumpa nguvu juu ya simu yako.

Na hapa ndipo naingia kwa sheria. Ulaya walipitisha Sheria ya Masoko ya Kidijitali, na kufikia 7 Machi 2024 kampuni kubwa zilitakiwa ziwe zimeifuata. Apple wiki hiyohiyo wakatoa iOS 17.4, toleo la mfumo wa iPhone, yenye inaruhusu maduka mengine ya apu, lakini kwa nchi za Umoja wa Ulaya peke yake. Simu ni ileile, kiwanda ni kilekile. Mtu akiwa Paris anafungua duka lingine, mtu akiwa Kisumu hawezi, na tofauti ni kwamba wenzetu walikuwa na sheria. Japani nao walipitisha yao Juni 2024, ikaanza kufanya kazi kikamilifu 18 Desemba 2025.

Apple wanasema wanafunga kwa ajili ya usalama. Nimeonyesha hapo juu kwamba hatari ipo, siikatai. Lakini kompyuta zao za Mac zimekubali programu za nje miaka yote na hawajaziita takataka. Na sheria ya Ulaya haikuwanyima ulinzi, inawaruhusu wachukue hatua za usalama mradi ziwe za lazima na za kiasi, na wao ndio waonyeshe kwamba ni za lazima. Virusi vya Joker, vile vya kukuunganisha na huduma za kulipia bila kujua, vilipatikana ndani ya Play Store yenyewe zaidi ya mara moja. Duka moja si dawa. Kinachonifanya nisiamini hadithi yote ya usalama ni pesa, asilimia 30 ya mauzo ya vitu vya kidijitali ndiyo kiwango chao cha kawaida, 15 kwa wadogo, na walipofunguliwa mlango na Ulaya wakaja na ada ya senti 50 za euro kwa kila mtu anayeweka apu kwa mwaka baada ya milioni moja ya kwanza, hata kama apu haikupitia duka lao. Hiyo ada inazuia virusi gani?

Na Android usidhani iko salama kutoka kwa hili. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba apu yoyote, hata ya nje ya Play Store, itabidi aliyeitengeneza ajisajili kwao kwa jina lake kamili, ikianza Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu dunia nzima kutoka 2027. Watu walilalamika, F-Droid wakalalamika, na Novemba 2025 Google wakasema wataweka njia ya wanaojua wanachofanya waweke hata apu ya mtu asiyejisajili. Kwa hivyo kelele inasaidia. Na 2027 ni mwaka wa uchaguzi kwetu, mbunge wako atakuwa nyumbani akitafuta kura.

Kuandika ombi lako

Katiba ya 2010, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata la kutaka sheria mpya itungwe. Si lazima uwe wakili. Unaandika kwa Kiswahili ama Kiingereza, kwa mkono ama kwa kompyuta, bila kufutafuta, unaliandikia Bunge la Taifa, na linafika huko kupitia Karani wa Bunge ama mbunge. Weka jina lako na anwani, weka sahihi ama alama ya kidole. Lazima pia useme ulijaribu nini kabla ya kuja Bungeni na kama jambo liko kortini.

Kwa hivyo anza na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, waandikie kwanza. Sheria ya Ushindani ya 2010 kwa kifungu cha 24 inakataza kampuni kubwa kutumia vibaya nguvu zake sokoni, na Katiba kifungu cha 46 inalinda maslahi ya kiuchumi ya mnunuzi. Taja hivyo viwili kwa jina, barua yenye kifungu haitupwi haraka.

Kwa kile unaomba, usiandike "tunataka uhuru" peke yake. Omba vitu vinavyopimika. Mimi ningeomba hivi: mwenye simu aweze kuweka apu ama duka lingine akitaka, onyo liwe moja na la lugha wazi, Kiswahili kikiwemo, si kurasa tano za kutisha. Kampuni isitoze ada kwa apu isiyopita kwa duka lake. Kizuizi chochote cha usalama kiwekwe, lakini kampuni ieleze kwa maandishi kinazuia nini. Na kuwe na setingi ya kufunga kabisa kwa anayetaka, juu kuna mzee kule kijijini anataka simu yake isikubali kitu chochote cha nje, na yeye pia ni haki yake. Hiyo ya mwisho usiiache, ndiyo inajibu swali la kwanza ambalo kamati itakuuliza.

Ambatisha mfano wa kwenu. Kama chama chenu kilishindwa kutumia apu yake kwa iPhone za wanachama, andika aya moja ya jinsi ilivyokuwa, na wanachama waweke sahihi kila mmoja na jina lake. Toa nakala mbili, moja umpelekee mbunge kwa ofisi yake ya eneo bunge ukimwomba aiwasilishe, ile nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa hapo hapo na tarehe, uihifadhi. Baada ya hapo piga simu kila mwezi uulize ombi limefika wapi.